Fundi Akishuka Paani: Namna ya Kukagua Ukarabati wa Bomba la Hewa

Fundi amekunja ngazi, amenawa mikono, na sasa anasubiri malipo yake. Bomba la hewa la choo, lile linalochomoza juu ya bati upande wa nyuma wa nyumba, limekuwa likivujisha maji tangu masika, na yeye anasema kazi imekwisha, hapavuji tena. Jua linawaka, mbinguni hakuna wingu. Utajuaje kama alichofanya kitahimili mvua ya kwanza ya vuli, na mvua ya mwaka wa tatu?

Wenye nyumba wengi huangalia usafi. Silikoni imenyooka, rangi imefanana na bati, mabaki yamefagiliwa. Usafi ni dalili njema ya fundi, ila hautuambii chochote kuhusu njia ya maji. Swali la kujiuliza ni moja, na mengine yote yanazaliwa nalo: silikoni hii ikichoka, na lazima itachoka, maji yatapita wapi? Kama yataendelea kuteremka juu ya bati mpaka kwenye gata, umepata ukarabati. Kama yataingia darini, umepewa ahueni ya msimu mmoja tu, hata kama mkono uliopaka ulikuwa wa ustadi.

Mwongozo huu unahusu zaidi bomba la PVC la inchi 4 linalopita kwenye paa la bati, kwa kuwa ndilo lililo kwenye nyumba nyingi zenye choo cha ndani, na ndipo mahali pa kwanza kuvuja. Dohani ya jikoni hukaguliwa kwa kanuni zile zile za maji. Paa la vigae lina mambo yake, nitaligusa kidogo.

Kwa nini panavuja pale pale

Bati zima halivuji. Linavuja lilipotobolewa, na tundu la bomba ndilo kubwa kuliko yote paani. Maji yanayoteremka kwenye bonde la bati yanafika kwenye bomba, yanagonga, yanasimama kidogo na kutafuta pa kupita. Upande wa juu wa bomba, unaotazama kofia ya paa iliyo kileleni, ndio unaopokea mzigo huo wote. Majani makavu, vumbi na manyoya ya ndege hukusanyika hapo hapo, na kuyafanya maji yasimame zaidi.

Halafu kuna jua. Bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi joto la saa nane mchana, tofauti ya nyuzi 40, hurefuka takriban milimita 3. Bomba la PVC nalo hutanuka kama mara tano ya chuma kwa joto lile lile, na hutanuka kwenda juu wakati bati linatanuka kwa mshazari. Kila siku vitu viwili vinavutana kwenye kiungo kimoja. Ndiyo maana saruji iliyozungushwa kwenye bomba hupasuka ndani ya miezi, hata ichanganywe vizuri kiasi gani. Saruji haijui kunyumbuka. Zaidi ya hayo, ikiwa mbichi hula ngozi ya zinki na alumini inayolinda bati. Ukiona fundi amezungushia bomba saruji juu ya bati, ukaguzi umekwisha kabla haujaanza: mwambie aitoe.

Paa la makuti la pwani halina gundi wala lami, na bado watu wamelala chini yake vizazi na vizazi bila kuloa. Siri yake ni mpangilio: kila kuti la juu limelalia mgongo wa lililo chini yake, kwa hiyo maji hayakutani na mdomo wowote unaotazama juu. Ukikumbuka hilo tu, unaweza kumkagua fundi yeyote wa bati.

Anzia darini

Usikimbilie kupanda paani. Ukweli mwingi uko ndani, na huko ni salama zaidi. Panda darini mchana jua likiwa utosini, ukiwa na tochi na penseli. Kanyaga mbao za kenchi, usikanyage siling'i bodi wala jipsam, utashuka nayo hadi sebuleni. Fika karibu na bomba, kisha zima tochi na usubiri macho yazoee giza.

Ukiona mstari wa mwanga ukizunguka bomba, hata mwembamba kama uzi, kazi haijakamilika. Mwanga unaotoka chini ya kofia ya paa au kwenye ncha za bati ni wa kawaida, mara nyingi umeachwa makusudi ili joto litoke. Unaoutafuta ni ule wa kwenye bomba na kwenye matundu ya misumari iliyong'olewa. Mafundi wengi huhamisha msumari au kutoa skrubu wanapofungua bati, kisha husahau kuziba tundu la zamani. Tundu la msumari mmoja linatosha kuharibu siling'i ya chumba kizima, taratibu, mvua baada ya mvua.

Washa tochi uangalie mbao. Papi, yaani mbao nyembamba zinazobeba bati, zinapaswa kuwa nzima kila upande wa bomba. Mara nyingine bomba huangukia pale pale ilipo papi, na fundi aliyefunga bomba mwanzo aliikata ili lipite. Hapo bati linabaki likining'inia, linabonyea mtu akilikanyaga, na kila likibonyea kiungo kinafunguka. Ukarabati wa kweli huongeza kipande cha mbao cha kulishikilia. Ubao uliolowa zamani utakuwa na doa la kahawia. Chora mstari wa penseli kuzunguka doa hilo, uandike tarehe pembeni. Fanya hivyo hivyo kwa doa lililo upande wa chini wa siling'i. Mvua ikinyesha utajua kwa sekunde kama doa limevuka mstari au ni la zamani tu, na mtaepuka ubishi mwingi kati yako na fundi.

Sasa shika bomba kwa mikono miwili ulitikise. Hiki ni kipimo ambacho wenye nyumba karibu wote hukiruka, na mimi nakipa uzito mkubwa. Bomba lisilofungwa kwenye kenchi hutikiswa na upepo kutwa kucha, na hakuna silikoni wala mpira utakaovumilia kuvutwa namna hiyo. Linapaswa kubanwa kwa klampu kwenye ubao, chini kidogo ya bati, pasipo kukazwa hadi lishindwe kupanda na kushuka likitanuka. Ukilitikisa na kuona kiungo cha paani kinacheza, rudisha fundi, hata kama kwa nje panapendeza.

Ukiwa bado huko, hakikisha bomba linapita kwenye bati na kutokea nje. Hili halipaswi kuwa jambo la kuulizia, lakini ipo njia ya mkato inayojulikana: bomba linakatwa chini ya bati, kipande cha bati kinapigwa juu ya tundu, na uvujaji unakoma siku hiyo hiyo. Hewa ya karo sasa inamwagika darini. Ndani yake mna haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza, na methani, ambayo haina harufu na inawaka moto. Aliyefanya hivyo hakukarabati chochote. Amehamisha tatizo kutoka kwenye paa hadi kwenye mapafu ya familia.

Juu ya bati

Kama huna uzoefu wa kupanda paani, usipande. Mpe fundi simu yako umwombe apige picha, kwa ustaarabu: "Fundi, naomba unipigie picha upande wa juu wa bomba, kwa karibu, na nyingine ya pembeni." Fundi anayejua kazi yake hatakataa, atafurahi kuionyesha. Ukipanda mwenyewe, panda asubuhi bati likiwa kavu na halijapata moto, ngazi ishikwe na mtu, viatu viwe vya soli ya mpira, nawe ukanyage kwenye mistari ya misumari kwa sababu ndipo papi zilipo chini yake. Angalia nyaya za umeme kabla hujainua ngazi. Na kama nyumba ni ya zamani yenye paa la mashiti ya asbesto, kama zilivyo nyumba nyingi za serikali na shule za enzi zile, kusiwe na kukata, kutoboa wala kusugua pakiwa pakavu. Vumbi lake linaharibu mapafu. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vyake.

Haya, uko juu, au picha ziko mkononi. Nenda moja kwa moja upande wa juu wa bomba. Tafuta mdomo. Kila mahali kipande cha bati kinapokutana na kingine pana mdomo, na mdomo huo unaweza kutazama chini ya mteremko au juu. Ukitazama chini, maji yanaupita. Ukitazama juu, maji yanaingia, na kinachoyazuia ni gundi peke yake. Ukarabati mbovu ninaokutana nao mara nyingi ni huu: kipande cha bati bapa kimekatwa tundu katikati, kimevishwa kwenye bomba, kikalazwa juu ya bati la zamani, kisha kingo zote nne zikapakwa silikoni. Ukingo wa chini hauna shida. Za pembeni zina shida ndogo. Ukingo wa juu ni mdomo ulio wazi mbele ya maji yote yanayoshuka kutoka kileleni. Silikoni hapo ikiachia urefu wa kucha tu, maji yataingia na kuenea kati ya mabati mawili, yatabaki humo hata baada ya jua kuwaka, na kutu itaanza kutokea ndani mahali ambapo huwezi kuiona.

Kazi nzuri kuliko zote ni ya bati refu linaloanzia kileleni. Fundi hufungua kofia ya paa, huingiza chini yake bati lenye migongo ile ile ya bati la nyumba, kisha hulishusha mpaka lipite bomba kwa sentimita 15 au zaidi. Bomba linatokea katikati ya bati hilo. Maji yanayotoka kwenye kofia yanaanguka juu ya bati la ukarabati, yanapita kulia na kushoto kwa bomba, kisha yanarudi kwenye bati la zamani huko chini. Hakuna mdomo unaotazama juu. Kagua mambo matatu: kwamba ncha ya juu imeingia kweli chini ya kofia (pitisha kidole au rula), kwamba kingo za pembeni zinaishia juu ya mgongo na siyo ndani ya bonde, na kwamba migongo imelaliana bila kuacha uwazi. Mtu aliyechanganya bati la migongo mipana na bati la kawaida la mawimbi ataacha nafasi ambazo hata mjusi anapita.

Njia hiyo inafaa sana bomba likiwa karibu na kileleni. Likiwa mbali, karibu na gata, bati refu namna hiyo ni gharama, na hapo ndipo inapofaa kola ya mpira. Hii ni koni ya mpira iliyoshikamana na kitako chenye alumini inayopindika. Koni hukatwa tundu dogo kuliko bomba ili mpira ubane wenyewe, kitako hugongwa taratibu kufuata migongo na mabonde, silikoni hulazwa chini yake, kisha skrubu hupigwa kukizunguka chote kwa kukaribiana. Kweli, kola nayo inategemea silikoni upande wake wa juu. Tofauti ni kwamba silikoni hiyo imefichwa isipigwe na jua, imebanwa na skrubu, na mpira unacheza pamoja na bomba badala ya kupigana nalo. Ikifungwa vizuri hudumu miaka mingi. Angalia kama kitako kimegeuzwa pembe moja ielekee kileleni, ili maji yagawanyike pande mbili badala ya kugota kwenye ukingo ulionyooka. Angalia pia kama kitako kimeshuka mpaka ndani ya kila bonde. Kikipita juu ya bonde kama daraja, chini yake pana mfereji unaoelekea moja kwa moja kwenye tundu lako.

Utepe wa lami wenye mgongo wa alumini, na kitambaa kilicholoweshwa lami, ni njia ya tatu. Si ya kudharau kama paa limechakaa na unajiandaa kulibadilisha. Ila ujue ulichonunua, na ulipe bei ya kitu cha muda. Kwa vigae, tafuta kigae maalumu chenye shingo au bamba laini lililoingia chini ya safu ya vigae vya juu na kulala juu ya safu ya chini. Mpangilio ni ule ule.

Silikoni, skrubu na mikato

Nikisema silikoni itachoka simaanishi zote ni sawa. Inuse siku ya kwanza. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula ngozi ya bati. Inafaa vioo na masinki. Ya bati ni ile isiyo na asidi, na kwenye kasha huandikwa kwamba inafaa kwa chuma. Kama bado hujanunua vifaa, hili peke yake linastahili safari ya dukani na fundi wako.

Jambo la pili ni kilicho chini yake. Silikoni mpya haishikani na silikoni ya zamani, wala na vumbi, wala na bati lenye unga mweupe wa uchakavu. Mimi huomba picha moja kabla ya nyingine zote: tundu likiwa tupu, limekwanguliwa, limefutwa, kabla chochote hakijapakwa. Kama picha hiyo haipo, chagua sehemu isiyo muhimu na baada ya siku moja au mbili ujaribu kuinua ukingo wa silikoni kwa kucha. Iliyoshika hukatika vipande vidogo vidogo. Isiyoshika huinuka kama utepe, na chini yake utaona ukungu wa vumbi. Nilishaona bomba lililozungushiwa matabaka matatu ya silikoni za misimu mitatu, yote yakichunika pamoja kwa vidole viwili, na bati lililo chini yake likiwa na unyevu ingawa wiki nzima haikunyesha.

Skrubu hujieleza zenyewe. Kiduara cha mpira kilicho chini ya kichwa kinapaswa kubonyea kidogo tu na kuonekana kingo zake sawasawa pande zote. Kikiwa kimetokeza nje na kupasuka, mashine ilikaza kupita kiasi. Kikizunguka ukikigusa, skrubu haijakamata ubao. Kwenye bati la mawimbi, msumari na skrubu hukaa juu ya mgongo, mahali maji hayapiti. Skrubu mpya iliyorudishwa kwenye tundu la msumari wa zamani iwe nene kuliko msumari huo.

Sasa tazama pale bati lilipokatwa. Mkasi wa bati huacha ukingo safi. Grenda huunguza rangi na ngozi ya kinga, na cheche zake ni chembe za chuma cha moto zinazojichomeka kwenye bati lote lililo karibu. Kwa siku chache hutaona kitu. Baada ya mvua mbili tatu bati linatapakaa vidoa vya kutu. Kama grenda imetumika, dai bati lifagiliwe na kusuguliwa siku hiyo hiyo, na mikato ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Ukiishi karibu na bahari usilegeze hata kidogo: hewa ya chumvi haimsubiri mtu.

Risasi na shaba visigusane na bati la zinki au alumini, kwa sababu palipo na maji bati ndilo linaloliwa. Tena kama unavuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, risasi isiwepo paani kabisa.

Je, bomba bado linapumua?

Ukarabati unaweza kuzuia maji na bado ukawa mbovu, kama umeziba kazi ya bomba lenyewe. Bomba hili hutoa gesi za karo nje, na huingiza hewa ili maji ya choo yakishuka kwa nguvu yasinyonye maji yaliyotuama kwenye kona ya bomba la sinki na la bafu. Maji hayo yaliyotuama ndiyo yanayozuia harufu. Basi jaza sinki, achia maji, na papo hapo mwache mwenzio a-flashi choo. Ukisikia tundu la bafuni likigugumia, au harufu ikapanda muda mfupi baadaye, uliza kilichoingia ndani ya bomba. Mara nyingine ni kipande cha PVC kilichokatwa, mara nyingine ni kofia iliyoshindiliwa mpaka chini ikaziba.

Kwa mwenye choo cha VIP, yaani choo cha shimo kilichoboreshwa chenye bomba la hewa, jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu pale bomba ndilo mtambo wenyewe. Peter Morgan, aliyebuni choo hiki miaka ya 1970 katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe na kupewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2013, aliliweka bomba lifanye kazi mbili: upepo unaopita juu yake uvute harufu kutoka shimoni, na nzi wanaofuata mwanga wapande ndani yake wanaswe na wavu. Kwa hiyo fundi akikata bomba ili iwe rahisi kuziba paa, ameharibu choo. Lichomoze angalau sentimita 50 juu ya paa, na wavu wa juu uwe mzima, wa nyuzi zisizoshika kutu. Wavu wa dirisha wa kawaida uliotengenezwa kwa chuma huliwa na gesi za shimo haraka sana.

Kwa bomba la nyumba, kofia iliyo juu iache nafasi ya hewa pembeni, na mdomo wa bomba uwe juu ya madirisha ya ghorofa iliyo jirani. PVC isiyopakwa rangi huchakaa kwa jua na kuwa kavu kama ganda. Ukiona imepauka na kuwa na nyufa ndogo, kipande cha juu kingebadilishwa sambamba na ukarabati. Ni bei ndogo, na ngazi tayari ilikuwepo.

Mwaga maji

Usisubiri mvua ikuambie. Silikoni hukauka kutoka nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku, hivyo ipe siku mbili kisha fanya jaribio, fundi akiwepo. Mtu mmoja akae darini na tochi, na chini ya bomba atandaze gazeti kavu. Hata tone moja tu linaonekana zaidi kwenye gazeti kuliko kwenye ubao. Mwingine awe juu na mpira wa maji, au na ndoo na kopo kama mgao umewakuta.

Anzeni chini. Mimina maji kwenye bati lililo upande wa chini wa bomba kwa dakika kumi. Kukiwa kimya, pandisheni mpaka pembeni, dakika kumi nyingine. Kisha upande wa juu, na hapo msiwe na haraka, dakika kumi na tano. Mwisho mimina kwenye kofia ya bomba lenyewe. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na hutajua palipovuja ni wapi. Usielekeze mpira kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, maana utaingiza maji chini ya malaliano ambayo mvua haifiki, umlaumu fundi bure. Ila kama nyumba yako hupigwa na mvua ya upepo, jaribu pia kunyunyiza kwa ubavu kutoka upande huo, kidogo kidogo.

Aliye darini aangalie juu ya bomba na papi zilizo jirani zaidi ya kutazama siling'i. Maji hutembea. Yanaweza kuingia kwenye tundu la bomba, yakafuata papi mita mbili, ndipo yakadondokea chumbani. Kinyume chake nacho ni kweli: tone lililo chini ya bomba linaweza kuwa limetoka kwenye kofia ya paa. Fuata mbao iliyoloa ukipanda nayo mpaka ikauke.

Kwenye nyanda za baridi, Njombe, Lushoto, Limuru na kwingineko, pana unyevu mwingine unaowaponza mafundi wasio na hatia. Usiku bati hupoa sana, hewa yenye mvuke wa jikoni na bafuni hupanda darini na kugeuka matone chini ya bati. Asubuhi siling'i ina doa, na mwenye nyumba anampigia fundi simu kwa hasira. Umande huu hulowesha eneo pana, hutokea hata wiki isiyo na mvua, na huisha jua likipanda. Uvujaji huwa na mahali pake na hufuata mvua. Umande unatibiwa kwa kuongeza hewa darini, na bomba halihusiki.

Fedha na maneno

Patana na fundi kabla hajapanda kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi mvua ya kwanza kubwa, au hadi jaribio la maji kama msimu uko mbali. Ukilitaja baada ya kazi, kwake litakuwa ni dhuluma, na atakuwa na haki ya kuona hivyo. Andikeni karatasi: amefanya nini, kwa vifaa gani, na atarudi bure kwa muda gani kama patavuja pale pale alipogusa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa kuwa fundi aliyeziba bomba hawajibiki kwa bati lililotoboka mita tatu pembeni.

Uwe mkweli na upande wako pia. Ukimpa fundi kopo moja la silikoni na nauli, usitarajie bati refu linaloanzia kileleni. Mafundi wengi wanajua kazi nzuri ilivyo. Wanafanya ile waliyolipiwa, na wengine wanaogopa kutaja gharama kamili wasije wakakosa kibarua. Muulize mapema, "Fundi, ingekuwa nyumba yako ungeifanyaje?" kisha usikilize, na upange bei kwa jibu hilo.

Na kama jaribio limeonyesha tone, usikubali apande kuongeza silikoni juu ya silikoni, hata akiahidi itakauka kesho. Mwombe afungue, aanze na upande wa juu wa bomba, akuonyeshe bati likiwa tupu na safi kabla hajaweka kitu kingine. Gazeti liache pale pale darini hadi mmwage maji mara ya pili.